SOICHIRO HONDA: FUNDI ALIYECHONGA SPEA ZISIZOKUWEPO DUKANI

Kama uko kafe na dakika zinakatika, kaa mkao wa kusoma haraka, maana stori ya leo ni ndefu kidogo.

Vijana wa magari huwa tunabishana sana kuhusu gari lililobadilishwa. Yaani lile ambalo mtu kalitoa injini yake, kaliwekea kubwa zaidi, kaligusa huku na huku mpaka linaruka. Kulipiga injini mpya siyo kazi sana. Kazi inaanza siku kitu kinapovunjika, halafu unazunguka na kipande mkononi na hakuna muuza spea aliyewahi kukiona.

Anko wangu alikuwa na gari la namna hiyo. Pistoni ringi zilipokwisha tulizunguka mjini siku tatu. Mwisho tukauziwa zinazofanana na zile, siyo zenyewe. Wiki ya pili moshi wa bluu nyuma, oili inaliwa kama chai. Gari likapandishwa juu ya matofali na liko hapo mpaka kuku wameanza kutagia ndani.

Ndiyo nikaanza kusoma habari za mzee Soichiro Honda. Wengi tunaona hilo jina kwenye tangi la pikipiki tunadhani ni la kampuni tu. Hapana, ni jina la ukoo la mtu kabisa, fundi wa gereji, ambaye elimu yake iliishia pale inapoishia ya wengi wetu au chini ya hapo. Na hizo hizo pistoni ringi zilizomshinda anko, nusura zimtoe roho na yeye.

Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, Japani. Baba yake, mzee Gihei, alikuwa mhunzi, baadaye akawa anatengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Kwa hiyo dogo alikulia kwenye moshi wa makaa na mlio wa nyundo. Chuma kilichopinda kwao hakikutupwa, kilirudishwa motoni.

Siku gari la kwanza lilipopita kijijini, dogo alilikimbiza barabarani. Likadondosha oili chini, akapiga magoti akainusa. Mwaka 1917 rubani Mmarekani aitwaye Art Smith alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Honda akachukua baiskeli ya baba yake, kubwa kuliko yeye, akaiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kama watoto wa kwetu wanavyofanya na Phoenix. Kufika, kiingilio hakitoshi. Akapanda juu ya mti, akaona ndege yote bure.

Kuna kisa kingine cha shule ambacho nakipenda zaidi. Ripoti ya maendeleo ilitakiwa kurudi na muhuri wa mzazi. Alama zake hazikuwa za kumwonyesha baba, basi akachukua mpira wa pedeli ya baiskeli, akachonga muhuri wake mwenyewe. Ukafanya kazi safi. Wenzake wakamwomba awachongee na wao, hapo ndipo akashikwa. Herufi za jina la Honda kwa Kijapani ukizigeuza kama kwenye kioo zinabaki vilevile. Majina ya wenzake yalitoka kinyume! Kuchonga alijua, ila alichonga bila kujua kwamba muhuri huchongwa kwa kugeuzwa. Shikilia hapo, tutarudi.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, aliona tangazo la gereji ya Tokyo iitwayo Art Shokai, akaenda kuomba kazi. Bosi alikuwa Yuzo Sakakibara. Kazi aliyopewa ni kulea mtoto wa bosi. Miezi inapita jamaa yuko na mtoto mgongoni, anafagia, anatazama wenzake wakifungua injini. Alikaribia kufunga virago arudi kijijini. Siku moja kazi zikawa nyingi, akaitwa ashike spana, na kuanzia hapo hakurudi tena kwenye ulezi.

Tarehe 1 Septemba 1923 Tokyo ikapigwa na tetemeko kubwa la Kanto na moto ukafuata. Gereji iliungua. Siku ile ya kukimbiza magari ya wateja ndiyo siku Honda alipoendesha gari kwa mara ya kwanza maishani, katikati ya watu wanaokimbia. Mafundi wengi walirudi makwao. Waliobaki walipewa kazi ya kufufua magari yaliyoungua. Sasa fikiria, magari ya wakati ule magurudumu yake yalikuwa na spoku za mbao. Moto ukipita, spoku zimekwisha. Hakuna duka. Hakuna meli inayoleta kesho. Lazima mtu akae chini achonge mbao moja moja mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Pale ndipo alipojifunza kwamba spea siyo lazima inunuliwe.

Sakakibara mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mbio. Yeye, mdogo wake Shinichi na vijana wachache, Honda akiwemo, walikuwa wanatengeneza gari la mashindano usiku baada ya kazi za wateja. Walichukua injini ya ndege, Curtiss ya Kimarekani, V8 ya lita kama 8 hivi, wakaipachika kwenye chasisi ya gari la Mitchell, nalo la Kimarekani. Wadau, hiyo ndiyo kubadilisha gari. Injini ya ndege haikutengenezwa kukaa kwenye gari, kwa hiyo kila kinachoiunganisha na gari lazima kibuniwe upya. Vipande vingi vilipita mikononi mwa huyo kijana wa Komyo.

Tarehe 23 Novemba 1924 lile Curtiss likaingia mashindanoni. Shinichi Sakakibara ndiye dereva, Honda, ndiyo kwanza ametimiza miaka 18, amekaa pembeni kama fundi msafiri. Enzi zile fundi alipanda na dereva, kitu kikilegea anakikaza huko huko. Wakashinda.

Mwaka 1928 bosi akamruhusu kufungua tawi la Art Shokai kwao Hamamatsu, akiwa na miaka 21. Na zile spoku za mbao zilizomsumbua Tokyo hakuzisahau. Akabuni spoku za chuma cha kumwaga, akapata hataza yake, na biashara ikachanganya. Usiku aliendelea kuchezea magari ya mbio. Mwaka 1936 alikuwa na Ford aliyoibadilisha mwenyewe na kuifungia supachaja, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa kwa nguvu ili iunguze mafuta mengi zaidi. Gari aliliita Hamamatsu.

Tarehe 7 Juni 1936 akaliingiza katika mbio za ufunguzi wa uwanja wa Tamagawa, pembeni ya Tokyo. Yeye anaendesha, mdogo wake Benjiro amekaa kiti cha fundi. Gari jingine likaingia mbele yao, likawa limeisha. Ford ikapinduka, wote wawili wakarushwa nje. Honda akaumia uso na mkono. Benjiro akaumia vibaya zaidi, akavunjika mifupa ya mwilini na kukaa muda mrefu akiuguzwa.

Hapa waandishi wengi wa habari za Honda hupita haraka, wanataka kufika kwenye pikipiki. Mimi nasimama kidogo. Gari alilitengeneza kaka, aliyelipa zaidi ni mdogo. Tukiwa kijiweni tunasifia spidi, lakini yule aliyekaa kiti cha pembeni huwa hatumuulizi.

Basi baada ya ajali ile Honda akaanza kuchoka na gereji. Kutengeneza vya wengine tu hakukumtosha. Akachagua kutengeneza pistoni ringi. Aliona ni kitu kidogo, chepesi, chuma kidogo lakini bei yake nzuri. Ukikitazama mkononi ni duara tu lenye mwanya. Nani angeshindwa?

Yeye alishindwa. Kwa wasiojua, pistoni ringi inakaa kwenye mfereji wa pistoni na kazi yake ni kuziba. Inazuia mgandamizo wa juu usivuje kwenda chini, na inafuta oili ukutani mwa silinda isipande juu kuungua. Inasugua ukuta huo maelfu ya mara kwa dakika, kwenye joto kali. Ikiwa ngumu mno inakula silinda au inakatika. Ikiwa laini inaisha. Ikikosa mnyumbuko haibani. Alizomwaga Honda zilikuwa zinakatika kama biskuti.

Miezi ikapita. Akawa analala karakana, nywele ndefu, akiba inateketea, vitu vya mkewe Sachi vinakwenda rehani. Akaenda kuomba siri kwa wenye viwanda vya kumwaga chuma, hakupata msaada. Mwisho akakubali kitu kilichokuwa kigumu kwake kuliko chuma chenyewe, akaenda kuuliza chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Ringi zake zikapimwa. Jibu likaja kwamba chuma chake kina upungufu wa silikoni. Basi. Muda wote ule anapiga nyundo, kumbe tatizo halionekani kwa macho wala halishikiki kwa mkono.

Ni ule muhuri wa shule tena, wadau. Kuchonga anajua, ila kuna kanuni nyuma ya kuchonga.

Mtu mzima wa miaka 30, bosi wa watu, akajiandikisha chuoni kukaa na vijana. Asubuhi darasani, mchana kiwandani kujaribu alichosikia asubuhi. Masomo yasiyohusu ringi hakuandika hata mstari, na mitihani hakufanya. Chuo kikamfukuza. Yeye akaendelea kuja kusikiliza, maana cheti siyo kilichomleta. Sasa msinukuu vibaya mkaacha shule! Huyu aliacha mtihani, darasa hakuliacha.

Kampuni yake ya ringi, Tokai Seiki, ilipopeleka ringi 50 Toyota zikapimwe, zilipita 3. Tatu kati ya hamsini. Ilimchukua kama miaka miwili mingine kuzurura viwandani na vyuoni mpaka akaweza kutengeneza ringi elfu zinazofanana zote. Kuchonga kipande kimoja kizuri kwa gari lako moja ni ufundi. Kutengeneza elfu moja ambazo kila moja inaingia bila kupigwa nyundo ni mambo mengine kabisa, na nadhani Honda wa baadaye alizaliwa kwenye zile ringi 47 zilizorudishwa.

Vita ikaja. Toyota wakanunua sehemu ya kampuni. Mabomu ya Marekani yakabomoa kiwanda chake, na tarehe 13 Januari 1945 tetemeko la Mikawa likaangusha kiwanda kingine cha Iwata. Vita ilipokwisha akauza hisa zake zote kwa Toyota kwa yeni 450,000, akakaa karibu mwaka mzima bila kazi. Alinunua pipa la spiriti akawa anakunywa na marafiki. Haya, kila mtu na likizo yake.

Mwaka 1946 akaona kwa rafiki yake kitu kilichomwamsha. Kilikuwa kiinjini kidogo cha jenereta, kilichokuwa kinaendesha redio za mawasiliano za jeshi. Jeshi halipo tena, injini zimebaki. Na Japani nzima wakati ule watu wanatembea kwa baiskeli, treni zimejaa mpaka madirishani. Akapata injini kama 500 hivi, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli za kawaida.

Tangi la mafuta akatoa wapi? Jikoni. Lile la kwanza lilikuwa chombo cha maji ya moto ambacho Wajapani huweka kitandani kupasha miguu wakati wa baridi. Petroli nayo ilikuwa ya mgao, akachanganya na tapentaini inayokamuliwa kwenye mizizi ya misonobari, ikawa inanuka vibaya lakini inakwenda. Jamaa zetu wanaochanganya mafuta vituoni wao hawana udhuru wa vita!

Aliyepewa kuijaribu mbele za watu ni Sachi, mkewe. Akavaa nguo yake nzuri, akazunguka nayo mjini. Kurudi, nguo imelowa mafuta yaliyokuwa yanatapikwa na kabureta. Akamwambia mumewe ukweli kwamba kitu hicho hakiuziki hivyo, na mumewe akarekebisha. Kwenye stori hii mimi huwa nampa Sachi nafasi ya fundi mkaguzi wa kwanza wa kampuni.

Injini za jeshi zilipokwisha, ndiyo ikabidi atengeneze za kwake. Mwaka 1947 ikatoka injini aina ya A, na tarehe 24 Septemba 1948 ikaandikishwa kampuni ya Honda. Mwaka 1949 akajiunga naye Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na mauzo, na tangu hapo Honda hakushika tena fedha. Alijua udhaifu wake.

Sasa tuje kwenye spea tena. Mwaka 1954 Honda alitangaza kwamba pikipiki zake zitakwenda kushindana kisiwa cha Man, kwenye mbio za TT, ambazo ndizo zilikuwa kubwa kuliko zote. Juni mwaka huo akaenda mwenyewe kutazama. Akatoka jasho. Pikipiki za NSU za Ujerumani zilikuwa zinatoa nguvu mara tatu ya za kwake kwa injini ya ukubwa uleule. Wakati huo huo kampuni ilikuwa taabani kwa madeni kule nyumbani, maana miaka miwili nyuma alikuwa ameagiza mashine za kukatia chuma za mamilioni ya yeni kutoka nje.

Akafanya kile fundi yeyote angefanya. Akanunua spea. Rimu, matairi, cheni, kabureta, vitu vya mbio ambavyo Japani havikuwepo, akavibeba kama mizigo ya abiria. Uwanja wa ndege wa Roma mizigo ikazidi uzito na pesa imeisha. Ikawa vuta nikuvute pale kaunta, lakini alifika navyo Tokyo. Na katika kiwanda kimoja huko Ulaya aliokota sakafuni skrubu yenye kichwa cha msalaba, ile tunayoifungua kwa bisibisi ya nyota. Kwao bado walikuwa wanatumia za mstari mmoja, ambazo lazima ukaze kwa mkono. Ya nyota unaweza kuikaza kwa mashine, haraka, na kwa nguvu ileile kila mara. Skrubu moja ya kuokota! Mwingine angeipiga teke.

Spea zile zilifunguliwa, zikapimwa, zikasomwa kama vitabu. Miaka mitano ikapita. Mwaka 1959 Honda wakaingia TT mara ya kwanza, daraja la sisi 125, wakashika nafasi za 6, 7, 8 na 11 na kuchukua zawadi ya timu. Mwaka 1961 Mike Hailwood akawashindia daraja la 125 na la 250, na katika kila daraja nafasi tano za kwanza zote zilikuwa Honda. Katikati ya hapo, mwaka 1958, ikatoka Super Cub, ambayo kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Hiyo inahitaji makala yake.

Gari la kwanza la Honda la spidi, S500, lilitoka Oktoba 1963. Serikali ya Japani ilikuwa inataka kuzuia kampuni mpya zisiingie kwenye magari, na mzee akakimbiza kazi awahi. Alitaka kulipaka rangi nyekundu, lakini sheria ilihifadhi nyekundu kwa magari ya zimamoto. Akagombana na serikali mpaka ikaruhusiwa. Ukifungua boneti unaona mtu wa pikipiki ametengeneza gari. Injini ya sisi 531 tu, lakini kamshafti mbili juu, kabureta nne, inazunguka kwa kasi ya kutisha, na nguvu inafika magurudumu ya nyuma kwa cheni, cheni moja kila upande. Ndugu yake S600 wa mwaka 1964 alitoa farasi 57 kwa mizunguko 8,500 kwa dakika, injini ya sisi 606. Mwenye gari hilo ana kabureta nne za kusawazisha ziimbe pamoja, na cheni za kukagua ndani ya vifuniko vyake. Ni tamu, lakini mtu mvivu asiliguse.

Mwaka 1964 akaingia Formula 1. Mpango ulikuwa kuwapa Lotus injini, Lotus wakajitoa dakika za mwisho, ikabidi Honda watengeneze gari zima. Tarehe 24 Oktoba 1965, Mexico, Mmarekani Richie Ginther akawapa ushindi wa kwanza.

Wengi huishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu ya mwaka 1968.

Mzee alikuwa ameshikilia kwamba injini ipozwe kwa hewa, siyo kwa maji. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ukiondoa maji umeondoa rejeta, pampu na mipira yote inayovuja, yaani vitu vichache vya kuharibika. Kwenye pikipiki ilikuwa imefanya kazi. Lakini injini kubwa ya mbio ina joto lingine. Wahandisi wake walimweleza. Hakusikia. Likatengenezwa gari la RA302, injini ya hewa, mwili wa magnesiamu, chuma chepesi ambacho kikishika moto hakizimiki kirahisi. Dereva wao John Surtees alilijaribu akakataa kulishindania, akaona si salama. Akapewa Mfaransa Jo Schlesser. Tarehe 7 Julai 1968, uwanja wa Rouen, mvua inanyesha, mzunguko wa tatu, gari likatoka njiani likapiga ukingo na kulipuka. Schlesser akafia humo. Mwisho wa mwaka Honda wakajitoa Formula 1.

Utadhani somo lilitosha. Mwaka 1969 mzee akatoa gari la watu, Honda 1300, nalo la kupozwa kwa hewa. Likawa zito, ghali, tata. Wahandisi wakachoka. Fujisawa ndiye aliyemkalisha na kumtaka achague moja, kuwa rais wa kampuni au kuwa mhandisi. Akachagua urais, na vijana wakaruhusiwa kutumia maji.

Ni mkono uleule, wadau. Mkono uliochonga spoku za Tokyo ndio uliokataa kusikia habari za rejeta. Alikuwa anapiga wafanyakazi pia, spana zinaruka karakanani, na mimi sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu baadaye alifanikiwa. Mara ya ringi alikubali kwenda kuuliza kwa sababu chuma kilimkatalia mikononi mwake mwenyewe. Mara hii aliyekuwa barabarani ni mtu mwingine.

Waliotumia maji walitengeneza Civic ya mwaka 1972, na injini ya CVCC iliyotimiza masharti makali ya moshi ya Marekani wakati makampuni makubwa ya huko yanalia kwamba haiwezekani. Mzee alifurahi kwamba sasa atawapita Wamarekani. Vijana wake wakamweleza kwamba wao walikuwa wanafikiria hewa watakayovuta watoto, siyo kumpita mtu. Akaona muda wake umefika. Oktoba 1973 akaachia ngazi, Fujisawa naye siku hiyohiyo, na wala hakumrithisha mwanawe kampuni. Akazunguka Japani kuwashukuru wafanyakazi na wauzaji mmoja mmoja. Waliompa mkono waliona ule wa kushoto umejaa makovu, ncha za vidole zimeliwa na mashine, maana wa kulia ndio ulikuwa unashika nyundo na wa kushoto unapokea.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu mtu wa magari kusababisha foleni mjini ni aibu. Siku sita baadaye, Hungary, Ayrton Senna alivaa kitambaa cheusi mkononi, akaendesha McLaren yenye injini ya Honda, akashinda.

Lile Curtiss la mwaka 1924 bado lipo. Limehifadhiwa Motegi, Japani, kwenye jumba la makumbusho la Honda, injini ya ndege juu ya chasisi ya Mitchell vilevile. Nilimwonyesha anko picha yake juzi. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama najua wanazipata wapi pistoni ringi zake.

Mwenye fundi wa uhakika wa kuchonga ringi za saizi ngumu aache maoni hapo chini. Nauliza kwa niaba ya yule wa kwenye matofali.